Fungu la Tano

Shoga yangu Nandasiri, leo nimeumbuka mbele ya watawa wote wa hapa Sagaing!

Mama Mkuu kauliza swali la watoto: "Maneno ya Buddha yamo katika vikapu vitatu. Nitajieni mafungu matano ya kikapu cha mahubiri."

Nikasimama kwa maringo. Marefu. Ya wastani. Yaliyopangwa kwa mada. Mafupimafupi. La tano... kimya! Miaka kumi na moja nasoma, shoga. Kimya!

Akainuka Ketumala, yule aliyekuja juzijuzi tu. "Yaliyopangwa kwa hesabu, Mama, kuanzia moja hadi kumi na moja." Halafu akaghani sura nzima, kafumba macho!

Mama Mkuu akasema, "Kuanzia kesho Ketumala atawafundisha watawa wapya."

Nafasi yangu hiyo! YANGU!

Nikaenda jikoni kukata vitunguu kwa hasira. Ketumala kanifuata, kapiga magoti. "Dada, nisamehe. Nimejifunza kwako. Ukisoma alfajiri, mimi huwa nasikiliza nyuma ya ukuta."

Eti kwangu! Mtu mwema angemkumbatia. Mimi nimesema tu, "Haya."

Shoga, usiniambie kitu. Kesho alfajiri nitasoma kwa kunong'ona.