Mikono ya Khairunnisa

Ijumaa, 9 Mei 2025

Seifu kapanda ngazi zote hadi ghorofa ya tatu kunijulia hali. Tangu kiharusi kinipige, mwezi wa kumi mwaka jana, ndiye pekee wa msikitini anayekuja. Kamkuta mke wangu ananitawadhisha. Akakohoa. Ati Humoud, mbona anakushika mikono mitupu? Udhu si unatenguka!

Nimeduwaa. Miezi saba — swala tano kila siku. Nimeswali hewa?

Jumamosi, 10 Mei

Nimempigia shekhe. Kasema swala zilizopita nimwachie Mungu, sikujua. Kuanzia sasa mke avae glavu. Jioni mwanangu Mazin kapiga kutoka Muscat: wapo maulamaa wasioona tatizo, baba, usijitese.

Nimfuate nani? Upande wa kulia umelala, na kichwa nacho kinayumba.

Jumapili, 11 Mei

Mke wangu Khairunnisa kanunua boksi la glavu duka la dawa. Kaliweka kando ya birika.

Jumatatu, 12 Mei

Udhu safi, hauna shaka. Swala imepwaya! Nasoma Alhamdu, akili iko kwenye ile plastiki. Inateleza. Baridi. Kama maiti anayeoshwa.

Miaka arobaini dukani, vitenge na wateja — huyu mwanamke sikumshika mkono hata siku ya Idi. Nilipoanguka ndipo nikakijua kiganja chake. Kigumu, cha moto. Nikawa naingoja adhana kwa hamu. Nilidhani ni imani. Au nilikuwa namngoja yeye? Astaghfirullah. Sijui.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwambia aniletee udongo, nitatayamamu mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Asihangaike.

Kaniangalia. "Umenichoka, Baba Mazin?"

Kaenda jikoni. Masufuria yamenijibia.

Alhamisi, 15 Mei

Alasiri. Barabarani wanashusha marobota, makelele matupu. Kaja na birika na beseni, kaketi kwenye kigoda. Kavaa glavu moja. Ya pili kaishika tu. Machozi yanamlengalenga.

Kumbe naye! Anasema miezi yote hii alikuwa akinisomea dua kimoyomoyo, kidole kwa kidole, vile visivyohisi. Sasa kwenye plastiki hajui kama inafika.

"Niambie wewe. Nivae, nisivae?"

Nimemwambia asubiri, nina neno la kuandika. Uongo. Naandika ili nisijibu. Herufi zenyewe za kushoto, zinapanda na kushuka. Mwadhini ameshamaliza. Maji yanapoa. Mama Mazin hajasimama — kaninyooshea mkono, ule mtupu, na mimi kalamu naiachia