Siku Niliyomsemesha Baba Mkwe

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Tuwan tu wazima, na mahindi yamekauka vizuri. Uliuliza kwa simu ya mjomba wako Wafula mbona mama yako hukohoa na kuwashwa ngozi, na Wafula hana shida. Jambo hilo linataka barua.

Mama yako alizaliwa Malakisi, msimu wa kukausha tumbaku. Nilimbeba mgongoni nikichochea moto wa tanuru, maana tulisema moshi hukomaza mtoto. Kifua chake kikaanza kulia kama filimbi, na ngozi ikamwasha.

Wafula alipozaliwa, nikasimama mbele ya baba mkwe. Unajua kwetu mke wa mwana hamtazami mkwewe, sembuse kumsemesha. Nikasema, "Baba, huyu hataingia kwa moshi." Wanawake wakashika midomo. Yeye akaondoka, nikajua nimefukuzwa.

Kesho yake akaja na nguzo, akajenga kibanda mbali na tanuru, upepo unakotokea. "Ni cha mtoto," akasema, akiangalia nguzo.

Najivunia mpaka leo. Lakini msomee mama yako barua hii. Mwambie kile kibanda kilijengwa na kikohozi chake.

Ni mimi kukhu wako, mama ya wote wawili.