Maneno Niliyomchukulia Kabula

Jumapili, mwezi wa saba. Mbeya.

Baridi ya leo haina adabu. Tangu asubuhi ukungu umelala juu ya mabati ya mtaa wetu, jua limechungulia mara moja likarudi lilikotoka. Nimewasha jiko la mkaa, nimefua, nimepanga vyombo ambavyo vilikuwa vimepangwa, nimempeleka mwanangu Nasri kwa jirani akacheze. Kazi za kujificha nyuma yake zimekwisha. Sasa naandika.

Nimekosa. Sitaki kuzunguka.

Wanaonisoma siku zote wanazijua Jumamosi zangu. Nina ukumbi mdogo wa kupanga hapa mjini, viti vya plastiki, projekta na kitambaa cheupe ukutani. Wenye vibanda umiza, vile vya video mitaani, wanaonyesha ngumi na risasi. Mimi naonyesha filamu za kale zilizotokana na vitabu, hasa zile za watoto wanaokua: msichana asiye na kundi, mvulana anayekula peke yake shuleni, mtoto aliyehamishiwa kwa ndugu na hajui akae wapi. Lugha zake ni za mbali, kwa hiyo nakaa pembeni na maiki, nazitia Kiswahili, naigiza kila mtu na sauti yake. Wanafunzi wa sekondari hujaa. Wanalia, nami nalia nao. Nimewahi kujisifu hapa hapa kwamba kazi yangu ni kumpa mtoto mpweke mtu wa kufanana naye.

Na mtoto mpweke nilikuwa naishi naye.

Nimwite Kabula, si jina lake. Ana miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili. Baba yake analima mpunga na kufuga ng'ombe Ubaruku, kule bonde la Usangu. Ni Wasukuma, walihamia huko na mifugo yao kabla Kabula hajazaliwa. Mume wangu alikuwa akinunua mpunga kwa huyo mzee mpaka wakawa kama ndugu. Sekondari ya kule ni mbali na kwao, basi mwaka jana mume wangu akamwambia, "Mlete mjini, atakaa na Mama Nasri." Akaletwa, na begi lake moja, na mchele wa kutosha kunitia aibu. Akaanza kuniita ma'mdogo. Mume wangu naye akahamishia biashara Makongolosi, anauza pampu za maji kwa wachimbaji, anarudi mwisho wa mwezi. Nyumba ikabaki yangu, ya Nasri na ya Kabula.

Watu wakiniuliza habari zake nilikuwa nasema, "Yule? Hana shida kabisa, mtoto mtulivu." Anaamka kabla yangu, anafagia uwanja, anakwenda shule, anarudi, shikamoo ma'mdogo, anafungua daftari. Nilijua kidogo kwamba shuleni wanamwigiza anavyoongea. Nilijua kwa sababu siku moja nilipita getini wakati wa kutoka nikasikia. Sikumuuliza kitu. Utulivu wake ulikuwa unanifaa.

Jioni nilikuwa nampa simu yangu aongee na mama yake. Ndani mtandao unakatika, kwa hiyo anakwenda kukaa uani, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anachanganya Kisukuma na Kiswahili. Mwezi uliopita, jioni moja, nilikuwa dirishani nachambua mchele. Kabula akamweleza mama yake jinsi anavyoishi huku. Alisema kwa Kiswahili, sentensi chache tu, taratibu, bila kulia. Kama mtu anayetaja vitu vilivyomo chumbani.

Maneno yenyewe sitayaandika. Sababu mtaiona.

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Na ningependa kusema kwamba nilimwonea huruma, lakini siyo kilichokuja kwanza. Kilichokuja kwanza ni hiki: haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta.

Nilikuwa naandaa filamu moja nyeusi na nyeupe. Msichana ambaye baba yake analinda kivuko cha reli anapelekwa mjini kwa shangazi yake asome. Shuleni kuna kwaya, na mwalimu anamwambia afungue tu mdomo bila kutoa sauti, kwa sababu sauti yake inawaharibia wenzake. Katikati ya filamu anakaa dirishani jioni, kamera inabaki usoni pake, hakuna anayesema kitu. Kitabu chake nimekisoma. Pale kwenye dirisha, kitabuni, msichana anawaza kurasa na kurasa. Waliotengeneza filamu waliyaondoa yote, wakaacha uso.

Mimi niliuogopa ule ukimya. Ukumbini kwangu ukimya ukizidi watoto wanaanza kutafuna karanga na kusogeza viti. Nilitaka kumtilia yule msichana maneno mdomoni, na kila niliyotunga yalinuka darasa.

Basi niliuacha ungo, nikaingia jikoni, nikaanza kuyarudia maneno ya Kabula kwa kunong'ona nisije nikayasahau. Akaingia kunirudishia simu.

"Asante, ma'mdogo."

"Haya," nikasema. Na alipotoka nikaendelea kunong'ona.

Jumamosi ya wiki iliyopita ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Darasa la Kabula walikuja kundi zima, naye akaja nyuma yao, akakaa kiti cha mwisho. Filamu ikafika dirishani. Nikayasema.

Sikuyasema kwa sauti yangu. Hili ndilo ninalolizunguka tangu nilipoanza kuandika. Msichana wa filamu alikuwa akiongea kwa sauti yangu tangu mwanzo, lakini pale nilimpa lafudhi ya Kabula, na kule kusita kwake katikati ya sentensi. Ukumbi ulicheka kwanza. Halafu ukanyamaza, na wengine wakaanza kufuta macho. Hata mimi nililia, maiki mkononi, nikiamini kwamba hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Taa zilipowashwa, wa kidato cha pili waligeuka nyuma wote kwa pamoja. "Kumbe ni wewe!" mmoja akamwambia. Kabula alikuwa anaangalia sakafu. Uso wake ulinionyesha kwamba alijua tangu neno la kwanza.

Kuna aliyenirekodi kwa simu. Kufikia Jumatatu kile kipande kilikuwa kwenye status za watu, na vikatuni vya kucheka chini yake. Mimi nilipokea pongezi. Nilizijibu.

Jioni hiyo nikamnyooshea simu kama kawaida.

"Leo humpigii mama?"

"Hapana, ma'mdogo."

Kesho yake vile vile, na kesho yake tena. Nilijiambia atazoea. Yaani mtoto alikuwa amebaki na mahali pamoja tu pa kusemea, ngazi ile, nami nilikuwa nimemwondoa hapo, halafu nikasema atazoea.

Alhamisi aliondoka na sare zake na hakufika shule. Mwalimu alinipigia mchana. Nilikwenda stendi, nikawauliza wapiga debe, nikawauliza wauza maji, nikarudi nyumbani bila habari. Jioni ikaja simu kutoka Ilula. Dada yake mkubwa ameolewa huko, anauza nyanya kando ya barabara kuu. "Amefika salama," akasema, akakata simu.

Haikupita muda baba yake akapiga.

"Shemeji, huyu mtoto amegombana na nani?"

"Sijui, shemeji. Hata mimi nashangaa."

Lilitoka kirahisi hivyo hivyo.

"Basi kama hataki shule, Jumanne namfuata," akasema. "Arudi huku. Kazi zipo."

Sikumzuia. Nilimsikia anamfungia mtoto wake mlango wa shule kwa sababu ya kosa langu, nikamwambia usiku mwema.

Ijumaa alfajiri nilimwacha Nasri kwa jirani nikapanda basi kwenda Ilula. Makambako upepo, Mafinga mvua ndogo. Tulipopita Ipogolo niliangalia juu mlimani, kule Iringa mjini nilikozaliwa. Mama yangu yuko Mlandege mpaka leo, katika nyumba ile ile ambayo babu alijenga alipopanda kutoka pwani na marobota yake ya khanga. Siku zote hushuka hapo kumsalimia. Safari hii sikushuka, nisije nikaulizwa ninakokwenda.

Ilula basi likapunguza mwendo, na wauza nyanya wakalikimbilia kama kawaida yao, mabeseni juu ya vichwa, wakigombania madirisha na kutusalimia kwa Kihehe. "Kamwene! Nyanya, dada! Vitunguu!" Beseni moja likatua mbele ya dirisha langu, na chini yake sauti ya msichana, kali, ya furaha, ikimtania mwenzake aliyewahi dirisha la mbele. Mwenzake akamsukuma kwa bega, wakacheka. Sauti ile sikuitambua. Niliutambua uso.

Mwaka mzima nimekaa na mtoto yule, sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

Akaniona. Beseni likashuka taratibu.

"Shikamoo, ma'mdogo," akasema, kwa ile sauti ya nyumbani kwangu.

Dada yake alinikalisha juu ya kreti ndani ya kibanda chao cha nyanya. Ni mwanamke mwembamba, ana mtoto mgongoni, na hakuwa na haraka ya kunifurahisha.

"Dada, huyu amekuja hataki hata simu ya mama," akaniambia. "Anasema hana cha kusema. Mmemfanya nini?"

Kabula alikuwa amechuchumaa pembeni anachagua nyanya, ngumu huku, zilizoiva huku. Nikamweleza dada yake yote, mbele yake. Ungo, jikoni, maiki, lafudhi. Kisha nikaomba radhi, na katika kuomba radhi nikaanza kujieleza. Nikasema kuhusu filamu, kuhusu watoto wengine waliolia, kwamba pengine yuko mmoja aliyejiona si peke yake. Kabula akanisubiri nimalize.

"Ma'mdogo, siku ile ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Sasa mbona hukuja kukaa na mimi?"

Kati ya dirisha langu na ngazi ile pana mlango mmoja tu, na mlango wenyewe ulikuwa wazi.

Dada yake akaingilia. "Na baba Jumanne anakuja kumchukua."

Mikono ya Kabula ikasimama. "Baba anajua?"

"Hajui," nikasema. "Aliniuliza, nikamwambia sijui."

Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo mimi ndo mtoro."

Nikatoa simu nikampigia baba yake palepale. "Shemeji, jana nilikudanganya," nikaanza, na nikamweleza. Nyuma yake nilisikia kengele za ng'ombe. Hakunikatiza, na hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa.

"Mtoto alisema nini huyo?" akauliza mwishowe. "Mbona mama yake hajaniambia? Hebu niambie maneno yenyewe."

Nilikuwa nayo yote. Ningeweza kuyasema pale, na kusita kwake na kila kitu, na mzee yule angelia kwenye simu. Niliyahisi yanasogea mdomoni.

"Ni ya kwake, shemeji," nikasema. "Yuko hapa, muulize mwenyewe."

Nikampa Kabula simu. Halafu nikavuka barabara, nikaenda kusimama karibu na malori yaliyoegeshwa, moja lilikuwa linanguruma, nikashukuru. Nilimwona mgongo tu. Aliongea kwa muda mrefu. Wateja wakaja, dada yake akawahudumia, na yeye akaendelea kuongea. Mara moja alijifuta uso kwa bega. Sijui alisema nini, na sitauliza.

Niliporudi alinipa simu ikiwa ya moto.

"Baba anakuja Jumanne hivyo hivyo," akasema.

"Kukuchukua?"

"Hapana. Anasema anakuja kuniona tu."

Nilimuuliza kama atarudi Mbeya. Akasema, "Sijui, ma'mdogo. Acha kwanza." Nikamuuliza, kwa aibu, kama naweza kuandika habari hii hapa, maana nilishaonja kuchukua bila kuomba. Akafikiri huku anazungusha nyanya kiganjani.

"Andika. Ila yale maneno usiyaweke. Na jina langu usiweke."

Basi ndiyo hivyo. Na wewe mwenye kile kipande kwenye simu yako, nakuomba ukifute. Najua siwezi kukulazimisha.

Nililala Mlandege. Mama alinipikia, akaniangalia, hakuniuliza. Jana nimerudi. Ukumbi sikuufungua, vijana waligonga wakaondoka. Mume wangu nimemwambia ukweli kwa simu. Amekasirika, na ana haki. Mwalimu wa Kabula nimemwambia pia, ili wasimwandike mtoro.

Leo tangu asubuhi nimekuwa nikitunga ujumbe wa kuomba radhi nimtumie kwa simu ya dada yake. Zinatoka sentensi nzuri sana. Kazi hiyo naiweza. Ndiyo maana nimezifuta zote.

Jumamosi ijayo hakuna filamu. Nakwenda Ilula. Akinikataa, nitanunua nyanya kwa dada yake kama msafiri mwingine na kupanda basi. Asiponikataa, nitavuta kreti nikae pembeni yake, wakichagua nyanya nami nichague.

Sitasema kitu mpaka aseme yeye.