Jani Lililokuwa Ndani ya Shina

Jumamosi, Machi. Mvua imekatika alfajiri, jua la Ifakara tayari linachoma. Bado nina matope magotini. Sikutaka kuoga kabla sijaandika haya.

Juzijuzi ng'ombe wa Mama Kulwa, jirani yetu wa shambani kule Kivukoni, waliingia kwenye mpunga wetu. Walikula, wakabakiza vishina vifupi tu. Shamba lile ndilo chakula chetu cha mwaka. Mama Kulwa alikuja kuomba radhi huku analia. Mimi nililia zaidi yake, na tangu hapo sikumsalimia.

Leo mimi na mume wangu, Deo, tumekwenda kulima upya. Yeye ameanza na jembe, mimi nikainama kung'oa vishina. Nikaona jani lenye ncha butu, kama limekatwa kwa mkasi. Ni lile lile lililoliwa, lakini sasa ni refu kuliko kiganja changu. Limerefuka kutokea chini, na pale lilipokatwa pamepanda nalo.

Nikachukua kisu nilichobeba cha kuchumia mboga, nikapasua shina moja kwa urefu.

Ndani kuna jani changa limejiviringisha kama mkeka. Ndani ya hilo, jingine, jembamba kama uzi. Na chini kabisa, karibu na mizizi, ambapo meno ya ng'ombe hayakufika, kuna kidoa cheupe, laini. Majani yote yanaanzia hapo.

Nimekaa chini kwenye maji.

"Deo, acha kulima! Njoo!"

"Nyoka?"

"Jani."

Amechuchumaa, ametazama weee. "Kumbe kazi yote inafanyika huku chini," akasema, akaliweka jembe begani.

Mama Kulwa alikuwa ng'ambo ya mfereji, anatuangalia kwa woga. Nimemwita kwa mkono. Alipofika nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa lile shina nililolipasua. Akaligeuzageuza kwenye mwanga.

"Mungu wangu. Na siku ile tunalia, jani hili lilikuwa humu?"

Lilikuwemo.

Sijui tutavuna kiasi gani, maana mpunga umechelewa. Lakini hatukung'oa tena hata shina moja. Kesho nikitoka kanisani naenda moja kwa moja shambani, na gauni langu la Jumapili. Nataka nilione lile jani changa linapochomoza.