Ng'ombe wa Mwita na Karo ya Turfena

Jumanne, 3 Januari 1967

Nimeranda milango miwili tangu asubuhi, ya duka moja hapa Migori. Mkono wa kulia unauma. Binti yetu Turfena yuko likizo. Anapika na mama yake, nawasikia wakicheka.

Karo ya mwaka wake wa mwisho chuo cha ualimu: nusu ninayo posta, nusu sina. Barua inasema afike na yote tarehe 30, la sivyo nafasi yake atapewa mwingine. Nimejaza fomu ya msaada. Nilimwomba Mungu kwanza, ndipo nikashika kalamu. Wino ukadondoka juu ya jina la baba yangu, lakini bado linasomeka.

Ijumaa, 6 Januari

Karani wa chifu amekuja kuhakiki fomu. Akaangalia nyumba, paa ni la nyasi, ya mtu wa kusaidiwa. Vizuri. Akaenda zizini na penseli, akahesabu ng'ombe. Kumi na mmoja.

"Jaduong', mzee wangu, kumbe wewe ni tajiri!" Akacheka. Nikacheka pia. Nilikuwa nacheka nini?

Wangu ni watatu. Wanane ni wa Mwita, rafiki yangu Mkuria wa Kehancha. Tulichimba dhahabu pamoja tukiwa vijana, na Kiswahili chetu ni cha huko huko shimoni. Miaka minane sasa ameniwekea ng'ombe wake niwalee. Maziwa ni yangu, mbolea ni yangu, ndama ni wake. Hakuna karatasi kati yetu. Kuna sharti moja tu: mwenye ng'ombe hatajwi. Ndugu zake wakijua anao, watawagawana siku hiyo hiyo. Kwa hiyo majirani wanajua ni wangu. Chifu naye anajua hivyo. Mke wangu Salome peke yake ndiye anayejua ukweli.

Nikamwacha aandike. Mungu anajua hesabu yenyewe.

Jumanne, 10 Januari

Homa Bay, mbele ya kamati ya msaada. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu, ziwa likionekana dirishani, karibu kabisa. Walipoita jina langu niliacha kofia yangu pale nikarudi kuichukua.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. "Jaduong', hapa imeandikwa ng'ombe kumi na mmoja. Hapo nje kuna mjane kutoka kisiwa cha Takawiri, hana hata kuku. Nikikupa wewe, yeye nimwambie nini?"

Mwingine akadakia, "Uza wawili, omera, ndugu yangu, mtoto asome! Ama unawapenda sana?" Wakacheka wote.

Wanane si wangu. Maneno matatu tu, na yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini wangeuliza ni wa nani, na wangeandika. Nikasema asante, nikatoka. Yule mjane alikuwa ameshika bahasha kwa mikono miwili. Hata mimi ningempa yeye.

Jumatano, 11 Januari

Adhuhuri Salome akaniuliza: "Kwa hiyo, Baba Turfena, mtamba wa Mwita ndiye atakuwa mwalimu? Mtoto wangu arudi jembeni?"

Turfena alichukua mtungi akaenda mtoni. Mtungi wa nyumbani ulikuwa umejaa. Hilo limeniuma kuliko maneno ya mama yake.

Jumapili, 15 Januari

Baada ya ibada niliwaomba wazee wenzangu wa kanisa mchango. Mmoja aliniuliza kama natania. Sanduku ni la wasio nacho, na zizi langu wanalipita kila wanapokuja kanisani.

Kisha ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi. Nilifika pale pa kuomba tuwe watu wa kweli, nikakwama. Nikamalizia na Baba Yetu.

Mimi ni mwongo? Sijawahi kusema ni wangu. Nimewaacha watu waseme. Sijui Bwana analiita nini jambo hilo.

Nina hasira na Mwita. Niandike tu, ndiyo hali. Miaka minane hajasema hata mara moja, "Fundi, chukua huyu." Anayelea hupewa fungu lake, ndivyo watu wote wafanyavyo. Na kuomba mwenyewe ni aibu.

Jumatano, 18 Januari

Mchuuzi wa ng'ombe amekuja karakana. Anamtaka dume mwekundu wa Mwita. Alitoa noti akaziweka juu ya ubao niliokuwa naranda. Zingetosha, pamoja na zile za posta.

Nikamwambia huyo hauzwi, nimewekewa. Sikutaja jina. Akasema, basi mwambie mwenye mali kwamba dume amekufa. Nikamwambia ng'ombe wa kulea akifa, mwenyewe hupelekewa ngozi aione.

"Ngozi?" Alicheka mpaka akakohoa. "Ngozi nitakuletea mimi, mzee. Nyekundu. Ukitaka hata mbili."

Kumbe ni kazi yake. Nilimwambia aondoke. Lakini nilichelewa kulisema hilo, na nilizitazama zile noti. Alipoondoka nikaranda vibaya, ubao mzima ukaharibika. Bwana nisamehe kule kuchelewa.

Ijumaa, 20 Januari

Kehancha. Nilikusudia kumwomba Mwita ruhusa ya kumtaja kwa kamati. Nikamkuta ameketi na ndugu zake watatu. Jambo langu nikaliacha kwanza. Tukala ugali wa wimbi.

Ndugu mkubwa akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu rafiki yako hana hata mkia wa ng'ombe!"

Mwita akasema, "Mkia nitautoa wapi? Fundi, nipe kazi ya kushika msumeno." Wakacheka. Mimi nikapaliwa.

Akanisindikiza barabarani. Hapo nikamweleza yote. Karani, Homa Bay, mchuuzi na ngozi yake. Akasimama.

"Wameandikwa? Kwa jina lako?"

"Ndiyo."

Akasema, "Kunitaja hapana, ndugu zangu umewaona. Na ng'ombe hawawezi kubaki kwako. Wewe nakuamini. Ile karatasi ndiyo siiamini. Ukifa kesho, watoto wako wataonyeshwa jina lako, watasema ni wa baba."

Nikajua nimewapoteza. Kisha akaniuliza, kama mtu aliyekasirika, "Na fungu lako, mbona hukuomba?"

"Nilingoja uliseme."

"Mimi nilingoja uliombe! Nikajua fundi ana pesa za milango."

Miaka minane tunaoneana haya. Wanaume wazima. Dume mwekundu ni wangu sasa, na mtamba mmoja pia.

Jumatano, 25 Januari

Nimewauza wote wawili mnadani, si kwa yule mchuuzi. Karo imetimia.

Mchana Mwita akaja na mwanawe mkubwa kuwachukua sita waliobaki. Atawaweka kwa mtu mwingine. Sikuuliza ni nani. Tulishikana mikono muda mrefu. Ndama mmoja hakutaka kutoka langoni, Salome ndiye aliyemsukuma.

Majirani wanasema fundi amemaliza zizi kwa ajili ya msichana. Wanasema ni ujinga. Sijawasahihisha.

Jumatatu, 30 Januari

Nimempeleka Turfena mwenyewe. Karo imepokelewa, risiti nimeikunja ndani ya Biblia. Getini alinishika mkono kwa mikono miwili kama ninavyosalimiwa na wageni, halafu akasahau heshima akanikumbatia. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi. Sikumwambia.

Jumanne, 31 Januari

Mvua kidogo. Katika watatu wangu hakuna anayekamuliwa sasa; maziwa yameondoka na wa Mwita. Salome ameleta chai nyeusi karakana, akakaa juu ya mbao, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Chuoni wanakunywa hivi hivi," akasema. "Turfena aliniambia."

Tukanywa.