Nchele Ntamu

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba yako siidai. Ukishasikia nilichofanya, huenda hata usiniitikie.

Juzi tulikusomea arobaini pale chumbani kwako Msimbazi. Baada ya dua, mdogo wako Bi Hadija, aliyetoka Lindi, akaniomba kitu kimoja tu: asikie sauti yako. Nilikuwa nimejigamba kwa kila mtu kwamba ninayo kwenye kaseti. Nikaiweka kwenye ile redio uliyoninunulia enzi za ruksa zinaanza, vitu vya Dubai vilipojaa Kariakoo. Bi Hadija akasikiliza, akakunja uso. "Huyu mtangazaji gani? Mimi nimemwomba dada yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Unaikumbuka siku ile? Nilikukuta kwenye meza yako ya mchele, nimebeba kinasa sauti cha kuazima. Nikakueleza kazi yangu: chumba kitupu, ukutani hakuna picha, spika nne tu, watu wanaingia, wanakaa, wanalisikiliza soko. Ukacheka mpaka ukashika kiuno. "Yaani mtu atoke kwake aje kusikiliza kelele? Bongo hii!" Halafu ukakaza khanga, ukaita kama unavyoita kila siku: "Nchele! Nchele ntamu, njoo ushike kwa nkono wako!"

Wapagazi wakasimamisha mikokoteni, wakacheka. Na mimi, badala ya kuwakodolea macho wao, nikakukatiza wewe. Nikakwambia useme mchele, ufunge midomo, kama wanavyosema redioni, wageni wa maonyesho wakuelewe.

"Kwani hao wageni wako kwao hawali nchele?"

Nikarudisha mkanda nyuma, nikarekodi juu ya sauti yako. Ukasema mchele, mchele mtamu, polepole, kama mtoto anayesomeshwa ubaoni. Sauti iliyokuwa inavuka mtaa mzima ikaishia hapo hapo mezani. Mimi nikaona imetoka safi. Kumbe nimekufuta.

Naona haya, shangazi. Nilikuwa napita mjini nikihubiri nguvu ya sauti za mtaani, na yako wewe imenishinda kuisikiliza. Mimi mwenyewe nilisema nchele mpaka darasa la tatu, waliponicheka nikaacha. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema, na nikakuonea aibu.

Wageni wa arobaini walipoondoka niliuacha mkanda uendelee. Ile mara ya pili ulisema kwa kifupi, kwa hiyo mwishoni kimebaki kipande cha mara ya kwanza. Umo wewe: "Nchele ntamu, njoo..." Kisha kicheko cha wapagazi, kisha mimi: "Shangazi, funga midomo. Sema m."

Ni hicho tu nilichobakiwa nacho.

Maonyesho ni Jumamosi. Yote mengine niliyorekodi nimeyatoa. Spika zote nne zitatoa kipande hicho, na sauti yangu sitaikata, wasikie nani alikunyamazisha. Bi Hadija nimemwekea kiti cha mbele. Nakuahidi hakuna mtu nitakayemsahihisha tena.

Leo nimepita sokoni. Mwenye meza jirani na yako akaniuliza nataka nini. Nikamwambia, nchele, kilo mbili. Akanitazama. "Kumbe na wewe wa kusini?"

Nikamwambia ndiyo, mimi wa yule mama wa hapo.

Pumzika, shangazi yangu. Unisamehe.