Mkasi wa Meno

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za cherehani yangu. Mimi mzima, ila goti la kukanyagia limeanza tena kiburi. Wewe je? Kifua kimepona? Unakula, au ni chai tu kama kawaida yako?

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu. Akina mama wa ibada walifika huko mjini wiki iliyopita, wakapita kwenye maonyesho yako ya picha za kukata na kubandika. Wanawake wenye pasi badala ya vichwa, bibi harusi aliyefunikwa sufuria, yote wameyaona. Walicheka sana. Mweka hazina wetu anasema yule wa pasi ni yeye kabisa. Lakini mwenyekiti alinivuta pembeni: "Mama, na ile picha ya harusi yako, ile yenye tundu?"

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nakuomba, mwanangu, iondoe.

Akuombeaye,
Mama yako

19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona, na ninakula. Lipumzishe goti, nguo za watu zitangoja.

Mama, siiondoi. Zile nyingine nimezikata kwenye magazeti ya zamani, matangazo ya sabuni, mwanamke akilichekea beseni kama kaokota dhahabu. Watu wakiziona hutabasamu. Wakifika kwenye yetu hunyamaza. Niliikuta chini kabisa ya sanduku la marehemu Baba. Wewe na shela, yeye na tai yake, na ubavuni kwako tundu, pale aliposimama Mama Mkubwa. Uliwahi kunisimulia alivyokushikia shela. Dada yako wa damu, kakatwa kwa sababu alimwacha mume aliyempiga!

Nikachukua tangazo la nyembe, nikakata mkono wa mwanamume, nikaushikisha mkasi. Chini nikaandika: BABA YANGU ALIMKATA. Jana dada mmoja alisimama pale akalia.

Utamtetea hadi lini? Aibu ni yake, si yako.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili hauna neno. Nimekuandikia barua nne nikazichana. Kwenye maombi nikifumba macho nauona ule mkono wa tangazo.

Siyo yeye. Ni mimi.

Mama Mkubwa wako alikuja asubuhi moja, mvua inanyesha, ana begi moja na jicho limevimba. Nikasimama mlangoni. Mwezi ule ndio nilikuwa nimechaguliwa kiongozi wa akina mama, nikawaza watasema nini. Baba yako akasema nyuma yangu, "Mpishe dada yako aingie." Nikamjibu, "Wewe nyamaza, haya ni ya wanawake." Nikafunga mlango. Kisha nikaishusha picha ukutani. Baba yako alipoliona tundu hakuniuliza kitu. Aliichukua akaifungia sandukuni mwake. Aibu yangu ameificha yeye mpaka kufa kwake.

Uliutazama ukingo wa lile tundu? Una meno. Ni mkasi wangu wa meno, ule wa kukatia kitambaa kisitoke nyuzi. Alinipa yeye dada, siku ileile ya harusi, akaniambia nisije nikahangaika kuazima mikasi ya watu. Miaka yote hii naukatia nguo za ibada.

Uso wake sikuutupa. Umo kwenye kitabu changu cha sala, na sijui kama niliuweka kwa mapenzi au kwa hofu tu.

Miezi mitatu nimekuacha umseme marehemu mbele za watu. Nilipoona wanamlaumu yeye, moyo wangu ulitulia kidogo. Hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Mungu anisamehe.

Mama yako, kama bado unanihesabu

11 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimelia, nikala, nikalia tena. Mkono nimeubandua, maneno nimeyafuta.

Na mimi nikuambie langu. Nimekulia chini ya cherehani yako, nikichezea vipande vyenye meno. Niliyaona meno yale siku ya kwanza. Nikajidanganya kwamba kingo za picha za zamani ndivyo zilivyo. Nilitaka awe Baba. Ilikuwa rahisi.

Picha bado ipo ukutani, na tundu lake tu. Sijui niweke nini.

Umeshakwenda kwa Mama Mkubwa?

Mwanao

30 Julai

Mwanangu,

Goti limekubali kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwa hiyo usiniulize afya.

Nilibisha hodi. "Nani?" "Mdogo wako." Aliniacha mlangoni muda mrefu, nami sikunung'unika. Akafungua nusu. Nikampa uso wake. Akavaa miwani, akaugeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye meno.

"Kumbe nilikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri, dada."

"Na mkasi wangu uko wapi?"

Nilikuwa nao kwenye mkoba. Akaupokea, akaufungua na kuufunga. "Umeutunza. Hauna hata kutu." Kisha akarudishia mlango, polepole. Hakunikaribisha ndani. Sijui kama iko siku atanikaribisha.

Uso amebaki nao, usije ukamwomba.

Nikapita kwa mpiga picha, nikamwambia anipige mkono wangu. Akashangaa, "Mama, mkono tu? Na uso je?" Nikamwambia uso nitaupeleka mwenyewe. Picha imo kwenye bahasha hii. Pete inaonekana, na kovu la sindano kwenye kidole gumba. Ibandike pale ulipokuwa ule mkono wa tangazo, na chini uandike kama mwanzo, ubadilishe neno moja tu.

Mwenyekiti nimeshamwambia awalete akina mama wote. Nitakuja nao, nisimame karibu na picha.

Mama yako